Pomedi Tuliyokuwa Tukipika Kamenu

Mwangi, baba yangu,

Umepewa jina la baba yangu mzazi, ndiyo maana tangu ukiwa mchanga nimekuita Baba, na leo pia nitakuita hivyo. Ni Jumapili mchana. Wewe uko Kamakis, kule Ruiru, wenzako wa kazi wanakuchomea mbuzi wa kukuaga, nami nimefunga mlango wa kinyozi chetu, hili duka letu la kunyolea hapa Kamenu, kwa ndani ili mtu asije akaomba kunyolewa. Nimekalia kiti cha wateja. Ukiona maandishi yamelala kama nyasi iliyokanyagwa, sababu unaijua. Naandika kwa mkono wa kushoto, na mkono wenyewe hauna mazoea.

Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako. Sitaificha kwenye sanduku uje kuikuta Doha ukiwa peke yako. Nataka uisome leo jioni ukiwa bado hapa, ili kama una la kunijibu, unijibu nikikuona uso.

Sitakuambia ubebe sweta, wala uweke pasipoti mahali pa karibu. Hayo umeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Sitakuambia usali, shosho, nyanya yako, amekuambia ya kututosha wote. Nina maneno nimekaa nayo tangu wiki iliyopita, tangu siku ile nilipokuja kazini kwako, na kila nikikaribia kuyasema najikuta nakuuliza kama umekula. Kwa hiyo nitaanza na pomedi. Hiyo naiweza.

Unajua kwamba nilianzia Ruiru, lakini sidhani nimewahi kukueleza nilianzaje. Nilikuwa msichana wa kuosha vichwa. Mwenye kinyozi aliitwa Kariuki, mtu mpole, mwenye mkono mzuri wa wembe, na alikuwa na mkebe mmoja tu wa mafuta mazito ya nywele. Kila kichwa kilipata mafuta hayo hayo. Mwenye nywele ngumu, mwenye nywele laini, mwenye upara nusu, mwanafunzi, pasta. Mteja aling'aa, akajitazama kwenye kioo, akatoka akitembea kama mtu aliyeongezwa cheo. Halafu baada ya siku chache alirudi kwangu kwenye sinki, na mimi ndiye niliyeona ile furaha iliishia wapi. Maji yaliteleza juu ya kichwa kama juu ya jani la nduma. Sabuni ilikataa kutoa povu. Chini ya mafuta kulikuwa na vumbi, na chini ya vumbi kulikuwa na vipele, hasa hapa mbele kwenye paji. Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana.

Ndiyo maana nilikuweka kwenye sinki muda mrefu kabla sijakuachia mashine, na ukaninunia. Sikukueleza sababu. Nilidhani mtoto akiamrishwa ataelewa mwenyewe baadaye. Sababu ni kwamba pomedi haijulikani siku ya kuipaka, inajulikana siku ya kuitoa. Huko uendako utakuta rafu imejaa mikebe ya kila rangi, na kila mkebe unajisifu. Usisome sifa. Fungua, chota kidogo, sugua kati ya vidole, uende kwenye bomba. Ikitoka kwa maji peke yake, hiyo ni ya maji. Itashika vizuri asubuhi na kukauka, na mteja akipitisha kitana saa nane inavunjika na kumwachia unga mweupe mabegani. Inamfaa mtu anayeosha kichwa kila jioni na hataki kusumbuka. Ikigoma kutoka, ikabaki inateleza, hiyo ni ya mafuta na nta. Haikauki, mtu anaweza kuichana upya kutwa nzima, lakini itamfuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Ukimpaka mtu hiyo, usimwache aende bila kumfundisha kuitoa. Apake mafuta mepesi nywele zikiwa kavu, asugue, ndipo atie shampuu na maji. Akianza na maji, atahangaika wiki nzima na atakulaani wewe.

Na mwulize mtu kazi yake kabla hujagusa mkebe. Anayevaa kofia ngumu ya ujenzi, usimwinulie nywele mbele, unampotezea wakati. Anayefanya kazi juani, mpe yenye nta zaidi, maana ile laini itayeyuka imwingie machoni. Haya yote unayajua. Nayaandika kwa sababu haya yananijia bila kuyatafuta.

Mzee Kanti ulimjua akiwa tayari mtu wa nyumbani kwetu, lakini siku ya kwanza aliingia hapa kama aliyepotea njia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua kinyozi hiki. Yeye alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Thika, na kinyozi wake wa miaka yote alikuwa amehamia kwa watoto wake ng'ambo. Alisimama mlangoni, akaniona mimi na aproni yangu, akauliza, "Kinyozi yuko wapi?"

Nikamwambia, "Ndiye mimi, Mzee. Karibu ukae."

Alikaa. Akanionyesha kwa mikono jinsi alivyotaka: laini upande wa kushoto, yaani ule mstari wa kugawa nywele, pembeni zilale, na mbele ziinuke kidogo halafu zirudi nyuma, kama alivyokuwa siku ya arusi yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe, laini kama pamba, na chache. Nami nikafanya nililojifunza kwa Kariuki. Nilichota pomedi nzito ya kutosha, nikaanzia mbele, nikapaka. Nywele zote zikaanguka na kugandamana na kichwa, ngozi ikaonekana katikati. Alionekana kama mtu aliyenyeshewa akiwa barabarani.

Alijitazama kwenye kioo. Kisha akasema taratibu, "Mama, haya mafuta ni ya mtu mwenye nywele. Mimi nimebaki na kumbukumbu ya nywele."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini wiki iliyofuata alirudi, na mfukoni alikuwa na mkebe wake mwenyewe, pomedi nyepesi isiyong'aa. Alinifundisha akiwa amekaa kwenye kiti hiki nilichokalia. Kiasi cha punje ya haragwe, si zaidi. Isugue viganjani mpaka usiione tena. Anzia nyuma ya kichwa, kwa sababu mahali mkono unapogusa kwanza ndipo pomedi inapobaki nyingi, na mbele ndipo panapohitaji kidogo. Nywele nyevu ukitaka zing'ae, nywele kavu ukitaka zishike. Alisema pia kitu ambacho nilikielewa baada ya muda mrefu. Alisema mtu akikuomba umtengeneze kama zamani, usicheke, na usikimbilie mkebe. Mwulize zamani ipi.

Ni kwa sababu ya kumwona mzee huyo mjini vijana walianza kuja. Utakumbuka. Walileta simu zenye picha za babu zao, wale wazee wa suti nyembamba na laini iliyochorwa kama kwa rula, wakaniita mama kama unavyoniita wewe, "Mathe, nataka hivi hivi, kuna arusi." Walitoka Juja, Theta, mpaka Ruiru. Nywele zetu si za Mzee Kanti, kwa hiyo nilihangaika upya. Pomedi ya maji ilikausha nywele zao zikakatika. Ile nyepesi ya mzee haikuweza kuzilaza. Ndipo nikaanza kupika yangu, na wewe ukiwa msaidizi wangu: nta ya nyuki kutoka kwa yule mama mwenye mizinga kule Theta, mafuta ya nazi, mafuta ya mbarika, na mafuta mazito ya kujipaka. Nta ikizidi, inakuwa kama mshumaa. Ikipungua, inakuwa kama ya kupaka magoti. Tuliharibu sufuria nyingi. Ulikuwa unanusa kila moja na kusema, "Hii inanuka kama kanisa," na tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hizo, Baba.

Sasa nitaandika kuhusu Jumamosi ile. Najua hupendi. Nami sipendi. Lakini hatujawahi kuizungumza hata siku moja, na kesho utakuwa umeenda.

Ulikuwa umemaliza Form Four, unangoja kwenda chuo kusomea mambo ya umeme. Bwana arusi mmoja wa Ruiru na wenzake walikuwa njiani, wote wanataka mtindo mmoja, na pomedi yetu ilikuwa imeisha. Siku zote tulikuwa tunayeyusha nta kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto mdogo, bila haraka. Siku ile niliweka sufuria ya nta moja kwa moja juu ya gesi. Nilifungulia moto wote. Nikaenda mlangoni kuwapokea.

Wewe ndiye uliyeona kwanza. Ulisema, "Mathe, inawaka," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua imeanza. Niligeuka. Moto ulikuwa umesimama juu ya sufuria, si mkubwa. Ungefunikwa na kifuniko ungezimika. Nawe ukafanya ambalo mtoto yeyote mwenye akili angefanya. Ulichukua jagi la maji.

Nilijua, Mwangi. Yule mama wa Theta aliniambia siku ile ya kwanza kabisa aliponipa nta: ikishika moto, funika, usimwagie maji. Nilisikia nikaitikia. Na wewe uliyekuwa ukipika nami kila wiki, sikukuambia. Si kwamba nilisahau. Niliona hakuna haja, kwa sababu mimi nipo, mimi ndiye nitakayeangalia moto. Nilikimbia kukusukuma. Maji yalinitangulia, moto ukaruka mpaka dari, na mkono wangu ulikuwa umefika pale uso wako ulipokuwa.

Bwana arusi ndiye aliyefunika sufuria. Wenzake ndio walionipeleka hospitali. Wewe hukuwa na alama hata moja.

Jioni ile ulikaa kando ya kitanda changu wodini. Walikuwa wamenidunga dawa, na ulidhani nimelala. Ulisema, "Ni mimi nimekuunguza." Ulisema mara moja tu, polepole, kama unajaribu kuona maneno yenyewe yana uzito gani.

Nilikusikia. Sikuwa nimelala. Sikujibu, kwa sababu maumivu yalikuwa mengi, na ndani ya maumivu yale kulikuwa na sehemu yangu ndogo iliyofurahi kupata mtu mwingine wa kubeba lawama. Asubuhi ilipofika sehemu hiyo ilikuwa imekwisha, lakini maneno yalikuwa yameshapita, na sikujua pa kuyashikia tena. Nikanyamaza siku hiyo, na iliyofuata. Ukaacha kwenda chuo. Ukasema utanisaidia mpaka mkono upone. Vidole vilikauka vikiwa vimejikunja hivi, na wewe ukabaki. Ukanifunga vifungo vya nguo. Ukafungua mikebe. Ukanikatia nyama vipande vidogo bila kuombwa, mbele ya wageni, ukijifanya unakata yako. Nilikuona unazeeka ukiwa kijana, na nikanyamaza, kwa sababu mikono yako ilikuwa mizuri na kinyozi kilikuwa kinaendelea.

Hukuniunguza, Baba. Mimi ndiye niliyewasha moto mkubwa, mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyekaa kimya. Wewe ulitaka kuuzima. Na huu mkono, siku ile ikirudi nitaunyoosha tena pale pale, hata kabla ya kufikiria.

Halafu Mzee Kanti akafa. Binti yake alikuja hapa akiwa amevaa nguo nyeupe, akasema, "Baba alituambia asiondoke nywele zikiwa hovyo. Alikutaja wewe." Tulienda sote wawili. Walikuwa wameshamwosha na kumvisha, amelala sebuleni kwake, maua pande zote, na mkewe amekaa karibu na kichwa. Nilichukua ule mkebe wake. Nikajaribu kuchota. Kidole kiliingia, hakikuweza kukunjuka, mkebe ukaanguka na kubingirika mpaka chini ya kiti cha mkewe. Watu wote walitazama pembeni kwa heshima. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikakuambia, "Fanya wewe."

Ukasema, "Siwezi, Mathe. Ni maiti."

"Ni Mzee Kanti. Fanya."

Ukapiga magoti. Nilisimama nyuma yako nikawa nakusemesha kidogo kidogo. Punje ya haragwe. Anzia nyuma. Lakini pomedi haikusambaa, ilibaki madonge madonge juu ya nywele, na wewe ukaniangalia. Maisha yangu yote nilikuwa nimepaka vichwa vyenye joto. Sikuwahi kujua kwamba nusu ya kazi hufanywa na joto la mteja mwenyewe.

Ndipo ulipoyatoa yale madonge kwa kitana, taratibu, ukachota upya, ukasugua viganja kwa nguvu, ukavikutanisha mdomoni na kuvihemea ndani, ukasugua tena, ukahema tena, mpaka vikawa vya moto. Kisha ukaviweka juu ya kichwa chake ukavituliza pale bila kusugua, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Ukavitoa, ukahema, ukaviweka. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyekuharakisha. Laini ilikaa kushoto. Mbele ziliinuka kidogo na kurudi nyuma. Mkewe alitazama, akagusa pembeni ya sikio, akasema, "Ndiye yeye huyu."

Hakuna mtu aliyekufundisha lile. Mimi sikulijua ili nikufundishe. Tulipokuwa tunarudi Kamenu kwa miguu, mimi nilikuwa nalia, ukadhani namlilia mzee. Nilikuwa namlilia, lakini pia nilikuwa nimeona kwamba umenipita, na mtu aliyekupita utamzuia kwa njia gani?

Mkwe wa mzee ndiye aliyekupa kiti cha kunyolea katika kinyozi chake pale Kamakis, na ni kwenye kiti hicho alikokaa yule mwenye kinyozi cha Doha alipokuja likizo. Alinyolewa mara moja, akarudi tena kabla nywele hazijaota. Mengine yalikwenda haraka. Ulinipa habari ukiwa umesimama hapo mlangoni, na ulikuwa unajaribu kuficha furaha yako nyuma ya uso wa huzuni ili nisiumie. Hilo liliniuma kuliko habari yenyewe.

Na sasa, wiki iliyopita. Nilikuja Kamakis bila kukuambia. Ulikuwa na mteja, kijana mwenye kitambaa shingoni, unamchorea laini. Ukaniuliza, "Kuna nini, Mathe?"

Nikasema, "Usiende."

"Tumeshaongea haya."

"Usiende, Mwangi."

Ulipunguza sauti. "Mathe, nikibaki, nitakuwa nimebaki kwa sababu gani?"

Nami nikauinua huu mkono mbele ya uso wako, mbele ya mteja, mbele ya kioo kile kikubwa kinachoonyesha kila kitu mara mbili. Nikasema, "Kwa sababu ya huu."

Ulizima mashine. Ukamwambia mteja akusamehe kidogo, ukatoka kwa mlango wa nyuma. Nilisimama pale. Yule kijana alikuwa ananiangalia kwenye kioo akiwa na kichwa kilichonyolewa nusu, na hakuwa na pa kuweka macho. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu. Ukamaliza kichwa kile bila kosa. Jioni ulikuja nyumbani, ukapika, ukanikatia nyama.

Nimewahi kuunguza nta, na nimewahi kumtengeneza mzee akafanana na mtu aliyenyeshewa. Hayo ni makosa ya kazi. Lile la Kamakis nililifanya nikiwa nimelipanga. Kutoka hapa Thika mpaka Ruiru, kwenye gari, nilikuwa nalifanyia mazoezi, nikichagua ni mkono upi nitauinua na niuinue saa ngapi. Nilijua umebeba nini tangu ile jioni ya wodini, na nikakigusa pale pale, kwa sababu nilijua kinauma na nilidhani kitakushika.

Nauteremsha mkono huu, Baba. Usiende ukiwa umeubeba. Ukimshika mtu kichwa kule Doha, umshike kwa sababu unaipenda kazi na una mikono yake, si kwa sababu kuna mwanamke Kamenu ambaye unadhani ulimharibia yake.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa sawa. Sijui nitakuwaje. Wateja wengine wameshaanza kupita mlangoni wakiangalia ng'ambo ya barabara. Juzi nilijaribu kufungua mkebe kwa meno ukanimwagikia. Kuna asubuhi nimekaa ukingoni mwa kitanda na blauzi wazi, nikakusikia unaoga, nikafikiri: mwezi ujao nitakaa hapa hapa, na hakutakuwa na mtu anayeoga. Nimeomba Mungu ndege ikatae kuruka. Nimeomba hivyo kwa maneno, kwa sauti, na shosho yako akanisikia akanikemea. Hata sasa, wakati naandika, kuna sehemu yangu inayotumaini kwamba utasoma barua hii na kubaki. Nakuambia ili uijue. Ukiisikia hiyo sehemu inaongea kwenye simu, kwa sauti yangu, usiitii.

Mimi nitajaribu. Shosho yako amesema atahamia huku kwa muda, na tutagombana, lakini vifungo atavifunga. Nimemwambia msichana wa jirani, yule Njeri anayesuka, aje aniangalie ninavyoosha vichwa. Kuosha naweza kwa mkono mmoja. Na nikimpata wa kumfundisha, nitaanza na kumwambia kuhusu nta na maji kabla hata hajavaa aproni.

Nakuomba kitu kimoja, na unaweza kukataa. Kesho asubuhi, kabla gari halijafika, kaa kwenye kiti hiki nikutengeneze nywele. Sijawahi kuchora laini kwa mkono wa kushoto kwenye kichwa cha mtu. Utalazimika kunihemea viganja maana asubuhi hapa Kamenu ni baridi, na laini itakwenda kombo, hilo nakuhakikishia. Usiinyooshe kwenye kioo cha gari, wala pale uwanja wa ndege. Panda nayo hivyo hivyo. Ukifika, oga, uitoe yote, anza kwa mafuta mepesi nywele zikiwa kavu. Kisha ukalale.

Mama yako